Wageni wa Kaskazi: Siku Moja Pwani na Darubini

Wanachama wengi watakumbuka kuwa katika mkutano wetu wa mwisho wa mwaka liliulizwa swali moja ambalo halikupata jawabu. Mwenzetu mmoja, mwenye shamba linaloshuka mpaka pwani ya mashariki, alieleza kuwa uwanja mtupu ulio nyuma ya mikoko, chini ya shamba lake na ya jirani zake watatu, ungefaa sana kukatwa majaruba ya chumvi, na akaomba chama kiwasaidie fedha za kuanzia. Hoja yake ilikuwa na uzito. Mkarafuu ni mti wenye maringo: mwaka huu hukupa, mwaka wa pili hukutazama tu. Chumvi hungoja jua, na jua halina msimu mbaya wa miaka miwili. Ndipo mzee mmoja, mwalimu wa skuli aliyestaafu, akasimama na kuuliza, "Na wale wageni wanaolala pale tutawahamishia wapi?" Watu wakacheka, wakidhani ana maana ya wavuvi wa dago. Akasema, "Ndege." Watu wakacheka zaidi.

Maalim hakukasirika. Alisema tu kuwa Januari atakwenda kuwahesabu kama afanyavyo kila mwaka, na mwenye kutaka kujua asemalo na afuatane naye. Kamati ikaona si vibaya. Ikatuchagua watu tisa, akiwemo mwenye shamba mwenyewe, ikatuagiza tuje tuandike humu tuliyoyaona.

Tuliondoka Chake Chake saa moja asubuhi, siku ya pili ya bamvua la mwezi mpevu wa Januari 2026, kwa gari ileile iliyozoea kubeba magunia yetu, na harufu ya karafuu ilikuwa ingali imo mbaoni. Pwani tuliyokwenda hatutaitaja jina. Maalim ametuomba hivyo, kwa kuwa wapo vijana wenye nyavu na manati ambao wakishajua mahali ndege walalapo hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanachama waliokuwapo mkutanoni wanaijua. Wasiokuwapo watuwie radhi.

Ama sisi tulidhani kuwa kutazama ndege ni kutoka nyumbani na kutazama. Kumbe kuna hesabu yake, kama ilivyo hesabu ya kuanika. "Siku ya maji mafu usije," Maalim alituambia njiani. "Maji hayapwi sana wala hayajai sana, na ndege hutawanyika kutwa." Siku ya bamvua mambo ni mengine. Bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita nne katika bamvua kubwa, na kila akaaye pwani anajua kuwa siku hizo maji hupwa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, yakajaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri. Basi asubuhi mtu huwaona ndege wakila, wametapakaa matopeni kote. Na alasiri bahari yenyewe humkusanyia wote mahali pamoja, naye akawahesabu. Kadhalika upande wa mashariki ulichaguliwa kwa ajili ya jua. Alasiri linakuwa mgongoni mwa mtazamaji, na ndege huonekana rangi zake. Saa hizo, ukiwa upande wa magharibi, kila ndege ni mweusi.

Yapasa tueleze na neno jingine, maana lilitutatiza wenyewe. Maalim alikuwa akisema kuwa hawa wamekimbia baridi, na sisi tulikuwa tukifuta jasho. Januari kwetu ni kaskazi, jua la utosi. Kipupwe chetu ni Juni na Julai. Lakini huko watokako wengi wao, kaskazini ya Urusi na Siberia, Januari ndiyo baridi kuu. Nchi imeganda kama jiwe, na pembe nyingine jua halichomozi kabisa kwa majuma mengi. Mdudu haonekani, tope halichimbiki. Ndege aliye chakula chake kimo topeni hana la kufanya ila kuondoka. Huko hukaa kiasi cha miezi miwili mitatu tu, akataga, akalea, akaaga. Kwetu huanza kuingia Agosti na Septemba, na wengi hawaondoki mpaka Aprili. Mmoja wetu akasema, "Basi mwenyeji wa Pemba ni huyu, huko ndiko anakokwenda matembezini." Maalim alilipenda neno lile, akamwambia mjukuu wake aliandike.

Mjukuu huyo, msichana wa kidato cha tatu, ndiye mwenye daftari. Babu yake macho yameanza kufanya ukungu, na miaka hii miwili yeye hutaja jina la ndege kwa sauti na kwa mwendo wake, kisha binti hutazama na kumwambia idadi. Hatukulijua hilo tulipokuwa tukicheka mkutanoni.

Tulipofika maji yalikuwa mbali hata ikatuelea kuwa hapana kitu. Akina mama walikuwa wametangulia, wameinama wakiokota chaza na kombe, wengine wakielekea kwenye mwani wao. Maalim akaisimamisha darubini yake kubwa ya miguu mitatu, akatuita mmoja mmoja. Ndipo tukaona. Yale tuliyoyadhania kokoto yalikuwa yakikimbia.

Walikuwapo vitwitwi wa namna nne au tano, ambao kwa macho matupu sisi tungeapa kuwa ni ndege mmoja. Alikuwapo sululu, mkubwa, mdomo wake umepinda kama mundu, akiuingiza katika shimo la kaa mpaka machoni. Walikuwapo chekeamwezi wakitikisa mikia, na yangeyange wamesimama kama mabwana shamba wasiokuwa na haraka. Maalim alitufundisha tutazame midomo kwanza, rangi baadaye. Kitwitwi mwenye mdomo mfupi huwinda kwa macho: hukimbia hatua chache, husimama, huchota, hukimbia tena. Mwenye mdomo mrefu hawinda kwa macho, bali kwa ncha ya mdomo, akidunga tope kama mtu atafutaye sindano gizani. Kwa hiyo wote hula tope moja pasina kugombana, kama shambani mmoja awapo juu ya mti, na mwingine chini akiokota.

Jambo moja lilitustaajabisha. Akina mama walipita katikati ya ndege, karibu nao kabisa, na ndege walisogea hatua mbili wakaendelea kula. Sisi tulipotoka mikokoni, watu tisa wima, mmoja akinyosha kidole, waliruka wote. "Mtu aliyeinama anafanya kazi," alisema Maalim, "mtu aliyesimama ana shauri." Mwenzetu mmoja aliyekuja na kanzu nyeupe aliombwa kwa adabu akae nyuma ya mchu, na huko alikaa mpaka adhuhuri.

Wako miongoni mwao walio wadogo hata inatia shaka. Kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, atokaye Siberia ya kaskazini kabisa, uzani wake ni kiasi cha gramu sitini. Sisi watu wa mizani tuliulizana: hiyo ni konzi ya karafuu kavu, wala si konzi kubwa. Konzi hiyo huvuka bara zima na kurudi kila mwaka. Kabla ya kuondoka hula kwa bidii mpaka akaongeza mafuta mengi mwilini, kwa kuwa mafuta hayo ndiyo petroli yake. Na akisumbuliwa kila mara katika miezi ya Machi na Aprili, akaruka bure mara kumi kwa siku, huyaunguza palepale kwetu. Mwaka 2024 ndege huyu aliandikwa katika orodha ya dunia kuwa yumo hatarini, pamoja na kitwitwi mkubwa wa kijivu tuliyemwona pia asubuhi ile. Wanapungua, na wanapungua katika njia nzima, si mahali pamoja.

Ama aliyetushika roho ni mwingine. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya majivu, na mdomo mweusi mnene kama jambia. Maalim humwita mla kaa, nasi tutamwita hivyo. Huyu hatoki kwenye theluji. Huzaliwa visiwani katika Bahari ya Shamu, katika Ghuba na katika pwani ya Oman, nao huzaa wakati wa joto kali, ambapo mchanga wa huko hauwezi kukanyagwa kwa mguu mtupu. Katika ndege wote wa jamii za vitwitwi ni yeye peke yake anayechimba shimo, refu kupita mita moja, akataga ndani yake yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga likamsaidia kulihifadhi. Mtoto hulelewa shimoni kwa kaa aletewao na wazazi. Wote duniani wanakisiwa kuwa baina ya 60,000 na 80,000. Na sehemu kubwa yao hupitisha majira haya katika pwani za Afrika Mashariki na visiwa vyake, na huko Oman kwenyewe, katika matope ya Bar Al Hikman, ambako ndege wa pwani wa kila aina hukusanyika zaidi ya nusu milioni.

Wapo baina yetu wenye jamaa Maskati, na hilo liliwachangamsha. Mmoja akasema kuwa naye huja na kaskazi kama jahazi za zamani. Maalim akamrudi. Jahazi zilingoja upepo, zikaja na kaskazi na kurudi na kusi. Mla kaa huanza kufika Agosti, kusi ikali ikivuma, ikimpiga usoni njia nzima. Hangoji upepo wa mtu.

Sasa tusikilizane hapa, maana ndipo ilipotokea habari yenyewe. Katika kundi la mla kaa lililokuwa likila ukingoni mwa maji, binti alituonyesha mmoja aliyekuwa na mgongo wa kijivu badala ya mweusi. Alikuwa akimfuata mkubwa mmoja kila aendako, amejikunyata, kichwa chini, akilia kwa sauti nyembamba isiyokoma. Mkubwa akamkamata kaa, akamkata miguu kwa kumtikisa, akageuka akampa. Kijivu akammeza, akaanza kulia tena. "Huyo ni mtoto wake," akasema Maalim bila ya kutazama, kwa kuwa ameijua sauti. "Alizaliwa Juni au Julai. Wamekuja naye."

Mwenye shamba ndiye aliyekuwa kwenye darubini wakati ule. Alikaa hapo muda mrefu hata wengine wakaanza kukohoa. Halafu akauliza, "Miezi sita, na bado analishwa?" Maalim akamjibu, "Mwanangu, wewe ulilishwa mpaka lini?" Tulicheka sote, na mwenye shamba alicheka pia, lakini hakuondoka kwenye darubini.

Adhuhuri tulisali chini ya mikandaa, tukala muhogo wa kuchemsha na changu wa kukaanga. Hapo Maalim alitusimulia habari ya sululu mwingine, mdogo kidogo, mwenye mdomo mwembamba, aliyekuwa akizaa Siberia na kupitisha baridi katika pwani za Bahari ya Kati. Watu walimwinda, na maziwa na matope yake yakakaushwa kidogo kidogo. Mara ya mwisho aliyoonekana kwa yakini ilikuwa Februari 1995, huko Merja Zerga, nchini Moroko. Watu walimtafuta nchi nyingi kwa miaka karibu thelathini, na mwaka 2025 akaandikwa rasmi kuwa ametoweka duniani. "Yule wa mwisho," alisema Maalim, "alikuwa na mahali pa kulala mpaka siku ile. Tatizo ni kuwa hakuwa na mwenziwe." Baada ya hapo hakusema tena mpaka tukamaliza chai.

Saa tisa maji yalianza kuingia kwa haraka. Ndege waliokuwa mbali wakawa wanasukumwa, fungu moja likizama wakirukia jingine, mpaka hakuna fungu. Ndipo wakapita juu ya vichwa vyetu, makundi kwa makundi, wakivuka michu, wakatua katika ule uwanja mtupu wa chumvi ulio nyuma. Huo ndio uwanja wa majaruba. Hatukuwa na haja ya kuelezwa.

Sababu ni nyepesi. Siku za maji mafu mafungu hayafuniki yote, na ndege wanaweza kulala popote. Siku za bamvua mahali pakavu, pawazi, pasipo na kichaka cha kumficha paka au mwewe, ni pale tu. Nao hukaa pale saa mbili au tatu mpaka maji yaanze kushuka, na tena usiku bamvua linaporudi. Tulikaa chini, wote safari hii tumeinama, jua mgongoni, tukaanza kuhesabu.

Kuhesabu nako ni kazi. Hesabu kumi, alisema binti, uone kumi ni upana gani, kisha upige kumi kumi kama muhuri. Wakiruka, acha, ngoja watue. Karani wetu wa mizani, ambaye wanachama wanamjua kwa ukali wake, hakukubali njia hiyo. Alihesabu vitwitwi mmoja mmoja, midomo ikimcheza, akapata mia tano na saba. Binti alipata mia nne na thelathini. Wakahesabu tena. Karani akapata mia tano na kumi na mbili, binti mia nne na arubaini. Yakawa kama mabishano ya mlango wa ghala. Mwisho binti akasema, "Ami, unawahesabu na walio nyuma ya kile kijiti mara mbili, maana hutembea." Karani akatazama kwa muda, akanyamaza, akasema kuwa inawezekana. Maalim akaamuru ziandikwe hesabu zote mbili, na jina la kila mwenye hesabu ubavuni. Akatuambia kuwa karatasi ile huingia katika hesabu ya ndege wa maji ya dunia, ifanywayo kila Januari. Ilianza Ulaya mwaka 1967, na Afrika imo tangu 1991. Si jambo kubwa sana kwa siku moja, ila miaka thelathini ya karatasi kama hizo ndiyo iliyoonyesha nani anapungua.

Njiani kurudi mwenye shamba alimwuliza Maalim swali ambalo sisi tulikuwa tukiona haya kuliuliza. "Maalim, niambie kweli. Je, majaruba huua ndege?" Na hapa twapenda kumsifu mzee wetu, kwa kuwa angeweza kusema ndiyo, sote tungemsadiki. Alisema, si lazima. Kaskazini ya Malindi, nchini Kenya, yako mashamba makubwa ya chumvi ya Gongoni, na ndege wa aina hizi hula na kulala humo kwa wingi. Jaruba lenye maji kidogo na tuta pana si adui. "Lakini wewe," akamwambia, "mfereji wako utapita wapi?" Mwenye shamba akakiri kuwa utapita katika michu na mikandaa, na kwamba ingebidi ukatwe ukanda mzima. Maalim akauliza, na bonde la mpunga liko nyuma ya ukanda huo, au siko? Hakujibiwa. Sote twayajua mabonde ya Pemba yaliyoingiwa na maji ya chumvi mpaka mpunga ukaachwa, na wengine wetu tuna madai yetu humo.

Kisha Maalim akataja jambo ambalo hatukulisikia mkutanoni. Upande wa kusini wa ghuba ileile yako majaruba ya zamani, yameachwa miaka mingi, mfereji wake umeziba kwa mchanga tu. Mikoko pale ilikwisha katwa zamani, na ndege hawalali hapo kwa kuwa matuta yamemea vichaka. Kuyafufua ni kazi ya majembe, si ya mashoka.

Sisi tuliotumwa hatukutumwa kuamua, lakini hatuoni sababu ya kuficha maoni yetu. Kwa maoni yetu, fedha zisitolewe kwa uwanja wa nyuma ya michu. Kamati iende pamoja na mwenye shamba kuyapima majaruba ya kusini, ijue ni ya nani na yatagharimu nini, na habari hiyo iletwe katika mkutano wa wanachama utakaokuwa baada ya Idi. Mwenzetu mmoja katika tisa hakubali. Asema ndege wana bahari nzima na mtu ana shamba moja. Ametutaka tuliandike hilo, nasi tumeliandika. Mwenye shamba mwenyewe hakusema yuko upande gani. Aliposhuka kwenye gari alimwuliza binti kama mla kaa wa kijivu atakuwa bado yupo mwezi wa Machi, na binti akamwambia huenda atakuwapo, ila mgongo utakuwa umeanza kugeuka mweusi na babu atamkataza kulia.

Maalim atakwenda tena katika bamvua la mwanzo wa Aprili, kabla wageni hawajaondoka wote, na amekubali kuchukua watu kumi na wawili. Wanaotaka kufuatana naye wajiandikishe kwa karani kabla ya Idi. Nauli ya gari italipwa kwa kuchangiana. Viatu vya kuingia matopeni vyahitajiwa, na chakula kila mtu achukue chake. Kanzu nyeupe ziachwe nyumbani.